Sarafu za Dunia Zina Kazi Gani Kwetu?

Hoja yenyewe ni hii: mtu mzima wa Kagera, mwenye kibanja cha kupalilia na wajukuu wa kusomesha, anatafuta nini kwenye sarafu za nchi asizowahi kukanyaga? Nimesikia hoja hiyo ikibishaniwa Bukoba mjini na Muleba, kwenye benchi la muuza kahawa na hata msibani watu wakisubiri maziko, na kila mara huzimwa na kicheko kabla haijafika popote. Nimeipanga hapa ili ifike. Wazungumzaji sikuwapa majina. Nimewaita kwa shughuli zao, maana maneno ya kila mmoja ni ya wengi, na mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KARANI, mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa, Kamachumu: Mshtakiwa ni mimi, basi nianze. Nina albamu za sarafu, zimejaa. Chache sana nimezinunua. Nyingine nilipewa na mapadri waliokuwa wakirudi kwao, nyingine na watoto wetu walioko Muscat na Uholanzi, nyingine nimebadilishana na madereva wanaovuka Mutukula. Jioni nikishakula, nachukua moja naigeuzageuza. Wenzangu wana bao, wengine wana rubisi. Mimi nina hizi.

MUUZA MCHELE, Soko Kuu la Bukoba: Bao ni bure, mzee wangu, na rubisi unainywa ikaisha ukalala. Wewe fedha umeifungia kwenye nailoni. Mimi nikilaza laki moja bila kuizungusha, mwezi ukiisha nimekwisha kuila. Hizo zako hata kuliwa haziliki. Ukija kwangu na faranga ya Ufaransa nikupimie nini?

KARANI: Hata Ufaransa hawakupimii kitu. Waliacha kuitumia mwaka 2002 ilipoingia yuro, ndiyo maana padri alinimwagia kiganjani bila kuhesabu. Mama, sarafu iliyokufa mara nyingi haina bei, na hapo ndipo starehe ya maskini ilipo.

MUUZA MCHELE: Starehe ya maskini ni kuacha umaskini.

KARANI: Haya. Tazama hii basi, haijafa. Faranga kumi za Rwanda, toleo la 2003. Unaona nini?

MUUZA MCHELE: Mgomba.

KARANI: Na hii ya faranga tano?

MUUZA MCHELE: Kahawa. Unanipeleka wapi?

KARANI: Nakupeleka kibanjani kwako. Mgomba na kahawa ndivyo vilivyotulea sisi Wahaya, na aliyeviweka kwenye fedha ni jirani. Geuza na hii ya Uganda, shilingi mia mbili: samaki wa jamii ya sato. Hizi za Kenya za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo, na hakuna rais hata mmoja, kwa sababu Katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha. Zetu zina Nyerere, Mwinyi na Karume. Majirani wanne, na kila mmoja ameamua kivyake nini kinastahili kushikwa na kila mkono. Hayo nimeyasoma nikiwa nimekaa Kamachumu, bila nauli.

Niseme mapema kwamba hapa Karani anacheza karata rahisi. Sarafu za majirani kila mtu wa mpakani anazijua. Swali gumu ni lile la sarafu ya Ureno au ya Japani, na hilo bado hajaligusa. Lakini bodaboda amekwisha kuegesha, na yeye hakuja kwa ajili ya migomba.

KIJANA WA BODABODA, Rwamishenye: Mzee, hayo ya ndizi waachie watoto wa shule. Nipe habari za Mjerumani. Kuna jamaa alipita Kemondo anatafuta rupia, anasema moja ni milioni kadhaa, eti mle ndani waliweka zebaki nyekundu. Kwa bibi yangu nasikia zipo. Dili hilo halipo?

KARANI: Mwanangu, kaa. Ndani ya rupia hakuna zebaki ya rangi yoyote. Ni fedha, madini ya fedha, basi. Na zile sarafu ndogo za Mjerumani, heller, zilipigwa Berlin na Hamburg kwa mamilioni. Heller moja ya shaba iliyosuguliwa na miaka mia moja ya jasho, hata huko Ujerumani anayeikusanya atakupa bei ya soda, na soda yenyewe labda mgawane.

KIJANA: Kwa hiyo hakuna ya milioni?

KARANI: Ipo. Mwaka 1916 vita vimewabana, meli hazifiki kutoka kwao, Wajerumani waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Walipiga heller 20 kwa shaba waliyoipata, na wakapiga rupia 15 za dhahabu: upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 tu, kisha Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Hiyo ikifika mnada wa Ulaya ikiwa halisi huuzwa kwa maelfu ya dola. Nasema ikiwa halisi, kwa sababu za bandia zimejaa. Bibi yako akikuonyesha tembo wa dhahabu, niite. Akikuonyesha heller yenye tundu, mshukuru umrudishie.

MUUZA MCHELE: Na huyo jamaa wa Kemondo mimi namjua. Anakuja leo na maneno, kesho anakuja mwenzake na mashine ya kupimia, keshokutwa unaambiwa utoe ada ya kipimo. Hiyo ni butura, mwanangu. Unauza kahawa ikiwa bado maua kwa mtu anayejua bei usiyoijua.

KIJANA: Sasa kama heller ni bei ya soda na mashine ni uongo, kwa nini bibi azifiche?

KARANI: Muulize yeye. Ila ukienda usije ukazisugua kwa ndimu ili zing'ae. Sarafu iliyosuguliwa hata kama ilikuwa na thamani umeifuta wewe mwenyewe. Vijana wengi huharibu hapo. Wakikuta imekuwa nyeusi, wanakimbilia majivu.

Kwa upande huu wa pesa sitapoteza wino zaidi. Anayekusanya ili atajirike amekwisha kujibiwa na muuza mchele, na amejibiwa vizuri. Aliyenifanya nikae sawa ni mwalimu, ambaye muda wote alikuwa kimya.

MWALIMU WA HISTORIA, sekondari moja ya Muleba: Nimewasikia. Karani anazipenda kwa picha, kijana kwa bei, mama anazikataa kwa kuwa hazizai. Mimi nina shaka nyingine kabisa. Ile rupia ya kampuni ya Wajerumani ina Kaiser Wilhelm amevaa kofia ya chuma, juu ya kofia kakaa tai. Kwa nini niitie kwenye nailoni niitazame jioni kwa raha? Haikuja huku kama pambo. Kodi ya nyumba ilipoanza kudaiwa kwenye koloni mwaka 1898, mtu alilazimika kuitafuta rupia, apende asipende: auze mazao, auze ng'ombe, au auze mgongo wake kwenye shamba la mtu. Kila mnachokigeuza hapo kwa vidole kilikuwa na mtu nyuma yake anayedai.

KARANI: Waitu, mwalimu, tuzitupe ziwani?

MWALIMU: Sikusema hivyo. Nasema usimwonyeshe mtoto picha ya tai ukanyamaza juu ya kodi.

KARANI: Mtoto huyo bila ile rupia mkononi utamfundisha kodi kwa chaki, na atasahau kabla kengele haijalia. Nimewahi kuleta sarafu darasani kwako. Walisukumana.

MWALIMU: Walisukumana, kweli. Na nusu yao waliuliza inauzwa shilingi ngapi.

Niingie. Mwalimu ana haki kwa nusu, na hiyo nusu ndiyo inayolifanya swali la mwanzo lionekane limewekwa kichwa chini. Tunauliza kwa nini mtu wa Bukoba azifuate sarafu za dunia, wakati sarafu za dunia ndizo zilizomfuata yeye mpaka mlangoni. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake za fedha na pesa zake za shaba. Ile pesa ya shaba upande mmoja ina tai wa Ujerumani, upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307 wa Hijria. Mtawala mpya alijua hati gani inasomwa na wafanyabiashara wa pwani. Huku kwetu watu walikuwa na kauri, ensimbi, na kauri haziondoki kwa tangazo. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na kahawa ya Bukoba zilipata njia fupi ya kwenda Mombasa kupitia ziwani, na upande ule wa ziwa fedha iliyotumika ni rupia ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikajitwalia kazi ya kutoa fedha, na rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa na heller 100. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaivamia Bukoba, wakaipora, wakaondoka. Walirudi mwaka uliofuata na safari hii wakakaa. Florini ya 1920 haikudumu. Kuanzia 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, simba amesimama mbele ya milima, na nyuma yake kichwa cha mfalme wa London.

Hesabu sasa. Katika maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa Kiziba au Ihangiro kabla ya boma kujengwa, na akajaliwa umri, mkononi mwake zilipita kauri za bahari ya Hindi, rupia ya Berlin, rupia ya India na shilingi ya London, na hakuwahi kuombwa maoni. Nitaongeza moja ambayo wengi hawaioni kwa sababu inahitaji kioo cha kukuzia. Chini ya sarafu nyingi za Afrika Mashariki kuna herufi ndogo. H na KN ni viwanda vya Birmingham. I ni Bombay. SA ni Pretoria. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, senti ya kununulia chumvi Nshamba iliweza kuwa imepigwa Afrika Kusini au India. Kwa hiyo mkusanyaji wa sarafu za dunia aliyeko Muleba ana mahali pa kuanzia ambapo hapahitaji stempu ya posta: uvunguni.

BIBI, mwenye kopo, Nshamba: Mnasema mno. Kopo ni hili. Lilikuwa la majani ya chai.

KIJANA: Bibi, naomba nishike.

BIBI: Shika, lakini usichanganye. Hizi senti kumi zenye tundu alizitunga mama yangu kwa kamba ya mgomba, kwa kuwa nguo zetu hazikuwa na mfuko. Akienda sokoni anafungua kamba, anatoa, anafunga. Hii sumni ni ya kahawa. Baba aliipeleka kwenye chama cha ushirika mara ya kwanza badala ya kuiuza kwa mchuuzi, akarudi amenyooka kama amevishwa taji. Akasema hii haitumiki. Mama alinuna wiki nzima, maana hatukuwa na mafuta ya taa.

MUUZA MCHELE: Mama yako alikuwa na akili.

BIBI: Alikuwa nayo. Hii ni shilingi yetu ya kwanza, ya mwenge, ya mwaka 1966. Mume wangu alizunguka nayo siku nzima akiwaonyesha watu sura ya Nyerere, na jioni hakuwa amenunua kitu. Hii ya Uganda alirudi nayo mwanangu kutoka vitani mwaka 1979, hakusema aliipata wapi na mimi sikumuuliza. Na hizi kauri ni za bibi yangu. Hizo sitawaambia za nini.

KARANI: Bibi, samahani, hii yenye tundu niione vizuri. Senti kumi, mwaka 1936. Mwalimu, soma jina.

MWALIMU: Edwardus wa nane.

KARANI: Mnaona? Huyo alikaa kwenye kiti tangu Januari hadi Desemba mwaka huo, akajiuzulu ili aoe mwanamke waliyemkatalia. Uingereza kwao hazikutoka sarafu zake za kutumia sokoni, hazikuwahi. Lakini huku kwetu, kwa sababu senti tano na senti kumi zina tundu katikati na hazihitaji sura ya mfalme, zilipigwa na jina lake na zikaja. Mkusanyaji wa London akitaka sarafu ya Edward wa Nane iliyotumika kweli kwa watu, lazima atafute ya makoloni, na mojawapo ni hii iliyo kwenye kopo la majani ya chai.

KIJANA: Basi hiyo ndiyo milioni!

KARANI: Si milioni. Zilipigwa nyingi. Lakini mfalme huyo alipata kununua chumvi kwa mama yake Bibi, na Uingereza hakupata kununua hata kiberiti.

BIBI: Mimi mfalme huyo simjui. Najua ilikuwa kwenye kamba.

Karani alifurahi kupita kiasi, na nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu mwalimu alikuwa ameifungua ile albamu ya Kamachumu na anaipekua bila haraka.

MWALIMU: Hii ya Ureno ulipewa na nani?

KARANI: Na padri.

MWALIMU: Yupi?

KARANI: Walikuwa wengi. Mmoja alikuwa Rubya, mwingine... siwezi kusema kwa hakika.

MWALIMU: Hii ya Omani?

KARANI: Kijana mmoja aliyekuwa kule. Au dereva.

MWALIMU: Karani, unajua ni ya chuma gani, imepigwa wapi, mwaka gani. Hayo yote yamo kwenye vitabu vya sarafu, yangekuwapo hata wewe usingezaliwa. Kisichokuwa kwenye kitabu chochote ni jinsi sarafu ya Ureno ilivyofika Kamachumu, na hicho ndicho ulichokipoteza. Bibi hajui Pretoria wala Birmingham, ila kwenye kopo lake hakuna sarafu hata moja isiyo na mtu.

KARANI: Hilo umenipata.

Kwangu mimi mjadala uligeukia hapo. Kuna kisa kimoja wapenda sarafu za pwani wanakijua sana. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizihifadhi tu, na mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe. Tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa, Kilwa yetu, zilizopigwa karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajaiona Australia. Zilifikaje huko bado watu wanabishana. Ila mabishano yenyewe yamewezekana kwa sababu yule askari alikuwa na ramani yenye alama ya mahali alipoziokota, na mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi kutafuta. Zingekuwa tisa bila ramani, zingekuwa vipande vya shaba kwenye kabati la mtu.

Kisa kingine nacho kipo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu za watawala wa Fatimiya wa Misri. Zilifukuliwa na wanaakiolojia, tabaka kwa tabaka, ndiyo maana leo tunaweza kusema kwa ujasiri kwamba Waswahili wa kisiwa kile walikuwa wakipiga fedha zao wenyewe takriban miaka elfu moja iliyopita. Angetangulia pale jamaa wa Kemondo na jembe lake, tungebaki na uvumi.

MWALIMU: Na sheria ipo, watu hawaijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakilinda kitu chochote cha kale kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hukichimbi kwa kujiamulia wala hukitoi nje ya nchi bila kibali. Sarafu ya Kilwa imo. Rupia ya Mjerumani haimo kwa umri wake, lakini hilo si ruhusa ya kuchimba kaburi la mtu.

KIJANA: Mimi sichimbi kaburi, mwalimu. Lakini tuseme ukweli, haya mambo yanakwisha. Abiria wangu nusu wananilipa kwa simu. Hata ile jero ya chuma ya nyati, ya mwaka 2014, siku hizi naiona kwa nadra kwa abiria wangu. Watoto wangu watakusanya nini, namba za muamala?

KARANI: Ndiyo sababu nasema zikusanywe sasa. Senti tano ile ya pembe kumi na mbili yenye samaki, senti ishirini ya mbuni, sumni ya sungura, dala ya pembe kumi: nenda sokoni leo utafute hata moja.

MUUZA MCHELE: Sasa mmefika kwangu. Mnazungumza kuhifadhi kana kwamba ni jambo la bure. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, za matoleo ya 1985 mpaka 2003 pamoja na ile mia tano ya karatasi ya 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazipokelewi. Wako wazee walioziweka chini ya godoro wakapata habari siku zimepita. Hao nao walikuwa wanahifadhi! Nendeni mkawaambie habari za Kilwa.

KARANI: Mimi niliweka noti moja ya kila aina, kwa makusudi, najua imekufa. Hasara yangu naijua mpaka shilingi ya mwisho.

MUUZA MCHELE: Wewe unaijua. Wao hawakujua. Sasa mkianza kuwasifia watu makopo, wapo watakaoficha zilizo hai.

Kwa hili sina jibu la kumshinda, na sitajifanya ninalo. Fedha inayopokelewa dukani iende dukani au benki. Kukusanya kunaanza pale kitu kinapokuwa kimekwisha kazi yake ya kwanza, au pale mtu anapotenga kimoja akijua anachokiacha. Baba yake Bibi alijua: mafuta ya taa ya wiki moja. Akalipa bei hiyo mbele ya mkewe, na miaka sabini baadaye ile sumni inaeleza siku ambayo mkulima wa Ihangiro alianza kupeleka kahawa kwenye chama chake mwenyewe, jambo ambalo taarifa ya mwaka ya ushirika wenyewe ingelitaja kwa mstari mmoja wa tani na shilingi.

BIBI: Mwalimu, niandikie basi. Mimi kalamu sioni vizuri.

MWALIMU: Nitawaleta wanafunzi, Bibi. Waandike wao, kila mmoja sarafu moja.

KARANI: Na mimi nitarudi kwa watu wangu, walio hai. Padri mmoja bado ana simu. Nitamuuliza ile ya Ureno.

MUUZA MCHELE: Mkiandika, andikeni na hili: ilinunua nini, na kiasi gani. Kilo ngapi za mchele, chupa ngapi za mafuta. Hapo hata mimi nitasoma.

Hukumu yangu naitoa kwa uwazi. Kopo la Nshamba ni mkusanyo bora kuliko albamu za Kamachumu, ingawa albamu zina nchi nyingi zaidi na zimepangwa vizuri zaidi. Karani hajakosea kuzipenda sarafu za Ureno na Japani, na asiache. Amekosea kuanza na nchi wakati angeanza na mtu aliyemkabidhi. Makopo ya namna hii yapo Kiziba, Kianja na Ihangiro, yapo Bumbire visiwani, na wenye kuyajua yaliyomo ni watu wa miaka themanini na zaidi. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna moja, nunua daftari la shule, ukae na mwenye kopo, uandike kwa kila sarafu: mwaka wake, ilitoka kwa nani, ilishikwa wapi, ilinunua nini. Ukikuta ambayo inaonekana ni ya kabla ya 1863, usiipeleke kwa dalali, itolee taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale kwanza. Na anayekudai ada ya kipimo, mfukuze.